Mto Hausafishwi kwa Kufagia Kingo

Maji yapitayo katikati ya jiji la Nairobi hayakuzaliwa machafu. Hutoka katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu, yakateremka taratibu kupitia Dagoretti, yakapita bondeni kati ya Kawangware na Kangemi, yakakata Chiromo na bonde la Grogan ambako mafundi wa magari humwaga oili iliyokwisha kazi, yakazunguka nyuma ya soko la Gikomba, kisha yakashika njia ya mashariki kuelekea Kariobangi, Dandora na Ruai. Kusini yake kuna Mto Motoine, utokao pande hizo hizo za Dagoretti na kupita Msitu wa Ngong hata ukaingia katika Bwawa la Nairobi, ubavuni mwa Kibera, na kutoka upande wa pili kwa jina jingine, Mto Ngong, ili uende kupenya eneo la viwanda na mitaa ya Mukuru kabla ya kukutana na mwenziwe. Mito hiyo, pamoja na Mto Mathare, huishia Mto Athi. Athi huwa Galana, na Galana huwa Sabaki, ambayo humwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Basi mtu wa Ukambani anywaye maji ya Athi, na mvuvi wa Malindi aionaye bahari ikigeuka rangi ya udongo majira ya masika, wote wawili wana haki ya kuuliza yanayotendeka Kibera na Kawangware, kwa maana hata wao wamo katika mkondo huo.

Kwa muda wa zaidi ya robo karne serikali imekuwa ikiahidi kuisafisha mito hii. Mwaka 1999 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, katika jiji hili hili, lilianzisha pamoja na serikali mpango wa bonde la Mto Nairobi. Na mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, iliyoizaa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, maarufu kwa jina la NEMA. Akaja marehemu John Michuki, waziri aliyeshika wizara ya mazingira tangu 2008 hadi alipofariki mwanzoni mwa 2012, mtu wa amri fupi na hatua ndefu, ambaye alithubutu kuing'oa takataka katika kingo za mto karibu na mzunguko wa Globe na kuacha mahali pake bustani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 2018 tingatinga ziliangusha majengo ya fahari yaliyojengwa juu ya ardhi ya mito, likiwamo jengo la Ukay kule Westlands na jengo la South End katika Barabara ya Lang'ata. Mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto aliunda Tume ya Mito ya Nairobi, chini ya uenyekiti wa Askofu Margaret Wanjiru. Na mwezi Machi 2025 ulizinduliwa mradi uliotajwa kuwa wa shilingi bilioni 50, wa kuufufua mto kwa urefu wa kilomita 27 hivi, kuanzia Barabara ya Naivasha, inayopita Kawangware, hadi Ruai.

Sina nia ya kuzidharau juhudi hizo, wala siamini kwamba waliozianzisha hawakuwa na azma. Lakini maadamu mto ungali mweusi baada ya yote hayo, ni wajibu wetu kuuliza kosa liko wapi. Na rai yangu ni kwamba kosa liko katika mahali pa kuanzia. Serikali imezoea kuanza na ukingo wa mto: kuzoa taka, kupanda miti, kuvunja vibanda, kufungua bustani. Ilhali uchafu unaoua mto hauanzii ukingoni. Huanzia chooni mwa nyumba isiyounganishwa na bomba la majitaka, na katika mfereji wa kiwanda unaofunguliwa usiku. Kushughulikia ukingo na kuviacha hivyo viwili ni kufuta maji sakafuni ilhali paa linavuja.

Tuitazame Kibera kwanza, kwa kuwa yake ni habari ndefu na dhulma yake ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwakalisha huko askari wa Kinubi wenye asili ya Sudani, waliotumika katika jeshi la King's African Rifles, pamoja na jamaa zao. Ikawapa ruhusa ya kukaa lakini ikawanyima milki. Kutokana na hila hiyo ndogo ya maandishi kumetoka maafa mengi. Mahali pasipo na hati ya ardhi palihesabiwa kuwa pa muda tu, na mahali pa muda hapapelekewi bomba. Uhuru ulipokuja 1963 bendera ilibadilika, ila hesabu haikubadilika: watu waliongezeka mwaka hadi mwaka, vyumba vya udongo na mabati vikasongamana toka Makina hadi Lindi, toka Laini Saba hadi Silanga, na katika ramani za wenye mamlaka pakaendelea kuonekana kana kwamba hapana mtu. Ni 2017 tu ambapo jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288, zaidi ya miaka mia moja baada ya babu zao kupiga hema katika msitu ule.

Chini ya mteremko wa Kibera liko Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 ili liwe akiba ya maji ya kunywa ya jiji wakati wa dharura. Wazee wangali wakikumbuka siku ambazo mashua za tanga zilishindana juu yake na vijana wakivua samaki. Leo ukisimama Silanga na kutazama chini huoni maji, bali uwanda wa kijani: gugumaji na magugu mengine yaliyonona kwa mbolea ya kinyesi cha binadamu, yakafunika bwawa hata mgeni akadhani ni shamba. Penye kingo pamejaa tope na taka, na juu ya tope hilo watu wamepanda nduma na sukuma wiki, mboga ambazo asubuhi zitauzwa sokoni kwa bei ile ile ya mboga nyingine.

Mtu asiyewahi kukaa Kibera huenda akauliza mbona watu hao hawajengi vyoo. Vyoo viko, ila ni vichache na vina bei. Vingi vya umma hutoza shilingi tano au kumi kwa kila uingiapo. Na jamaa ya watu sita, kila mmoja akiingia mara moja tu kwa siku kwa shilingi kumi, hutumia shilingi 1,800 kwa mwezi kwa haja ambayo katika mitaa mingine hakuna anayeihesabu. Usiku vingi hufungwa, na hata kisichofungwa hakifikiki, kwa sababu vichochoro ni vyembamba, taa ni chache, na mwanamke anayetoka peke yake saa nane za usiku anahatarisha heshima na uhai wake. Ndipo ikazuka ile desturi iliyoandikwa sana na waandishi wa ng'ambo, ya haja kufanywa katika mfuko na mfuko kutupwa gizani. Wengi wameiandika kwa mshangao, wachache wameiandika kwa insafu. Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na marufuku hiyo ilikuwa ya haki. Lakini iliondoa mfuko tu, haikuleta choo.

Hata choo chenyewe, tazama kilivyo. Ni kibanda cha mabati juu ya sakafu ya saruji, kimeegemea ukingo wa mtaro, mlango umefungwa kwa kamba. Na nyuma yake, shubiri chache juu ya maji, limechomoza bomba la plastiki la inchi nne lisilokwenda popote ila mtaroni. Mwenye kukijenga hakufanya hivyo kwa ukaidi. Shimo refu halichimbiki penye mwamba au penye maji ya karibu; gari la kunyonya choo haliwezi kupenya kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hugeuza bega; na kijana anayepakua choo kwa ndoo na pipa juu ya mkokoteni, kazi ya taabu ambayo mji mzima unaitegemea na hakuna anayeitaja kwa taadhima, hana pa kumwaga ila penye mtaro huo huo. Yako mashirika ya wenyeji yaliyojaribu njia nyingine, kama Umande Trust iliyojenga vituo ambavyo juu yake watu hukutana, chini ni vyoo na mabafu, na kinyesi kikageuzwa gesi ya kupikia. Ni mafanikio ya kweli, na ni hoja dhidi ya kila anayesema kwamba haiwezekani. Ila shirika la hiari haliwezi kuchukua mahali pa mtandao wa mabomba wa jiji, wala si haki kulidai hivyo.

Kawangware ina sura nyingine. Huko ardhi nyingi ina wenyewe, na kwa hiyo mabati yanaondoka na ghorofa za mawe zinapanda, tano, sita, saba, kila moja na vyumba vyake kadha wa kadha. Lakini kilicho chini ya ardhi hakikupanda pamoja na ghorofa. Panapo bomba, ni jembamba na limezeeka; pasipo bomba, liko shimo moja la kuhudumia ploti nzima. Shimo likijaa, mwenye ploti ana njia mbili: kuliita gari la kunyonya na kulilipa, au kuingoja mvua. Kila mkazi wa mabondeni anajua maana ya kuingoja mvua. Wingu likitanda, mfuniko hufunguliwa, na usiku ule mto hubeba kilichokusanywa kwa miezi. Ng'ambo ya pili, mwendo mfupi tu kwa miguu, ni Lavington yenye bustani na bomba. Na hata huko tusiwe na dhana kwamba uchafu ni wa maskini peke yao, kwa kuwa katika Kilimani na Kileleshwa yako majumba marefu ambayo majitaka yake yameonekana yakiingia katika mifereji ya mvua na kutoka huko hadi vijito vya Kirichwa. Tofauti ni kwamba mwenye jumba hatolewi kwa tingatinga pamoja na watoto wake.

Na kabla mto haujafika Kawangware umekwisha pita karibu na machinjio ya Dagoretti, yanayolisha sehemu kubwa ya jiji kwa nyama. Damu na samadi ya matumbo vikiingia mtoni huyaua maji kabisa, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha vitu hivyo hutumia hewa yote ya oksijeni iliyomo, na samaki wakakosa pumzi. NEMA iliyafunga machinjio hayo mwaka 2009 kwa sababu hiyo, na baadaye likajengwa katika machinjio mojawapo tangi la kuigeuza damu na samadi kuwa gesi na umeme. Habari hii naipenda kwa kuwa inaonyesha pande zote mbili za utawala mwema, yaani kuzuia na kuwezesha, na inaonyesha pia jinsi tunavyoridhika upesi: mfano mmoja ukafaulu, nao ukabaki kuwa mfano.

Ama viwanda, hapo sheria haina upungufu. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zinamtaka kila mwenye kutoa maji machafu awe na leseni, zinasema maji yaingiayo mtoni yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita kwa ajili ya kuozesha uchafu wake, na zinaweka mipaka ya risasi, zebaki, kromu na sumu nyingine. Lakini Mto Ngong upitapo eneo la viwanda hubadilika rangi kufuatana na rangi zinazotumika siku hiyo, na jirani wa mto haihitaji maabara kujua kwamba kiwanda fulani kimefungua mfereji wake. Wakaguzi huja mchana. Mfereji hufunguliwa usiku. Kufungwa kwa kiwanda huandikwa kwa herufi kubwa magazetini, kufunguliwa kwake hakuandikwi, na mwananchi hapewi nafasi ya kujua ni vipimo gani vilivyobadilika katikati. Lau matokeo ya vipimo hivyo yangebandikwa hadharani, kiwanda kwa kiwanda, mwezi kwa mwezi, nadhani aibu ingefanya kazi ambayo faini haikuiweza.

Majitaka yanayobahatika kuingia bombani huenda Kariobangi, mahali palipojengwa mtambo 1961, au katika mabwawa makubwa ya Ruai yanayoitwa kwa jina la Dandora. Njiani bomba hupasuka, vifuniko vya chemba huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na mtu akachomeka kitambaa na mawe kuelekeza majitaka shambani kwake, maana maji hayo yana mbolea ya bure. Benki ya Maendeleo ya Afrika imeikopesha serikali fedha za kurefusha mtandao, na mabomba mengi yamelazwa. Hata hivyo sehemu kubwa ya wakazi wa jiji, walio wengi kati yao wakiwa wa mitaa ya mabanda, wangali nje ya mtandao huo. Kipindupindu kiliporudi Nairobi 2015 na tena 2017, kilikuta njia zake ziko wazi.

Katiba ya 2010 haikunyamaza. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya; ibara ya 43 inampa haki ya usafi unaofaa na ya maji salama ya kutosha. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, katika shauri lililoletwa na wakazi wa kawaida, iliamua kwamba haki hiyo imevunjwa kwa kuachwa mito ya Nairobi na Athi kuchafuliwa, ikaziamuru mamlaka za serikali zichukue hatua za kuisafisha, na ikaamuru jaa la Dandora lihamishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita imepita mara nyingi. Mtu asomaye hukumu ile na kisha akasimama juu ya daraja la Dandora anapata somo kubwa juu ya umbali uliopo kati ya neno la jaji na mkono wa mtendaji.

Neno la serikali kwa wenye vibanda, kinyume chake, halichelewi. Mwisho wa Aprili 2024, baada ya mafuriko yaliyoua watu zaidi ya mia moja nchini, Baraza la Mawaziri liliwapa waliokaa kando ya mito saa 48 kuondoka. Hapana shaka kwamba kukaa mita tatu kutoka mto unaofurika ni hatari, na serikali inayowaacha watu wafe maji haistahili jina lake. Lakini tingatinga zilipofika Mathare na Mukuru mvua ilikuwa ingali ikinyesha, na shilingi 10,000 zilizoahidiwa kila nyumba hazikuwa badala ya makao. Watu walihama mita mia chache juu ya mteremko, katika mabanda mengine yasiyo na vyoo. Mto haukupungukiwa na uchafu hata kwa kiasi cha ndoo moja.

Sasa vijana wa mpango wa ClimateWorx Mtaani, ulioanzishwa 2024, wako mtoni na gambuti na reki zao. Nimewatazama wakivuta kutoka majini magodoro yaliyooza, matambara ya mitumba, nepi, viatu visivyo na wenzi, wakavirundika ukingoni hata rundo likawapita kimo. Na ni kazi ya heshima, yenye ujira unaolisha watu. Mvua ya usiku mmoja huleta tena nusu ya walichokitoa. Wao wanalijua hilo kuliko waziri yeyote, na ndiyo maana ukizungumza nao hawakuombi reki bora: hukuuliza lori la taka litapita lini mtaani kwao.

Jiji la London lilikuwa na mto wa namna hii. Kiangazi cha 1858 uvundo wa Thames uliwafikia wabunge ndani ya jumba lao, na katika muda wa siku chache walipitisha sheria waliyokuwa wakiichelewesha kwa miaka. Mhandisi Joseph Bazalgette hakupewa mifagio. Alipewa fedha, akalaza mabomba makuu ya zaidi ya kilomita 130 yaliyozuia majitaka yasifike mtoni katikati ya jiji, yakapita chini ya mitaa ya matajiri na ya mafukara pia, kwa kuwa alielewa kwamba kinyesi cha fukara kikiachwa nje ya bomba, mto wa tajiri hautasafika. Bustani na njia za matembezi kando ya Thames zilikuja juu ya mabomba yale, zikiwa ni matokeo ya kazi na si badala yake.

Mradi uliozinduliwa 2025 una bomba kuu la majitaka ndani yake, na kwa hilo wenye mradi wanastahili kusifiwa. Swali ambalo sijaliona likijibiwa kwa ukamilifu ni la mabomba madogo: yale yatokayo kichochoroni Gatwekera, huko Kibera, au katika ploti ya Kawangware hadi kufikia bomba kuu. Bomba kuu lisilo na matawi litapita kando ya mto likiwa tupu, na kinyesi kitaendelea kupita juu yake kuelekea majini. Fauka ya hayo, kilomita 27 za mradi zinaufuata Mto Nairobi. Motoine, Bwawa la Nairobi na Mto Ngong viko upande mwingine wa jiji, na mwenyeji wa Kibera ana haki ya kuambiwa waziwazi zamu yake ni lini.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kitaifa na ile ya Kaunti ya Nairobi zibadili mpangilio wa kazi: matawi ya bomba na vyoo vya bei ambayo fukara anaimudu vitangulie, vipimo vya viwanda vitangazwe, na bustani zije mwisho. Nawe msomaji, bajeti ya kaunti hupelekwa kila mwaka mbele ya wananchi ili watoe maoni, na sheria inawataka wenye mamlaka wayapokee. Nenda ukumbini siku hiyo, uulize ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya mabomba ya Kibera na Kawangware, na usiondoke kabla hujatajiwa idadi.